Bi Labda wa Nyumba ya Nyundo

Aprili 2, Jumanne

Ufunguo wa Nyumba ya Nyundo ni mzito kuliko nilivyodhani. Mwenyekiti aliponikabidhi asubuhi nilimshukuru mara nyingi mno, kisha nikashindwa kuufungua mlango kwa sababu nilikuwa nauzungusha upande usio wake. "Usijali," alisema, "mlango huu humtania kila mgeni."

Basi mimi, Solvej Brogaard, niliyemaliza chuo kule Aarhus kwa alama nzuri na nisiyeweza kupiga simu bila kuandika kwanza nitakayosema, ni karani wa Chama cha Wachimbaji wa Genge hadi mwisho wa Septemba. Kazi yangu ni kuazimisha nyundo, tindo na miwani ya kinga, kutunza maktaba na ramani za matabaka, na kuwaonyesha wageni upande wa genge hili la pwani unaoruhusiwa kuchimbwa na ule wa kuuacha. Hayo nayaweza. Lililobaki ndilo linalonitisha. Mtu akiweka jiwe mezani, mimi nimwambie ni nini.

Mwenyekiti ni Daktari Gudrun Lodberg, mng'oa meno mstaafu. Ana meza yake dirishani, na hapo husafisha samaki waliogeuka mawe kwa keekee aliyokuwa akitobolea meno ya watu. "Hawa hawapigi kelele," aliniambia. "Ndiyo maana nimewapenda uzeeni."

Kabla ya kuniacha alinipa kanuni moja. Liko neno danekræ, kama kusema kijinyama cha Denmaki. Ni kisukuku cha nadra kiasi kwamba sheria inakihesabu kuwa mali ya taifa. Ukikipata unakikabidhi kwa makumbusho, na jina lako hukaa kando yake daima. Katika chama hiki hakuna anayelitamka neno hilo juu ya jiwe kabla ya yule aliyelipata. Hata awe profesa.

"Mwingine akilisema kwanza ni kama kumpokonya mtu mkononi," alisema Gudrun. "Aliyepata alitamke mwenyewe. Sisi tunamsindikiza tu mpaka alifikie."

"Na akikosea?"

"Ndiyo maana tumekuajiri wewe, binti."

Sikula chakula cha mchana.

Aprili 4

Mvua. Hakuja mtu. Nimepanga nyundo kwa ukubwa. Siku nzuri.

Aprili 13, Jumamosi

Leo nimemjua Evald Thybo. Aliingia akiegemea fimbo, magoti yakilia, mfuko wa kitambaa begani, akaketi kwenye kiti cha kando ya jiko ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Alikuwa dereva wa basi la kwenda Thisted maisha yake yote ya kazi. Genge hili alianza kulichimba kabla mimi sijazaliwa, na hajawahi kupata danekræ hata moja.

Hilo sikuambiwa naye. Niliambiwa na rafiki yake Viggo Stampe, muuza rangi, aliyekwisha kupata mbili na hapitishi saa bila kuzitaja.

"Huyu ni Evald Mikono Mitupu," Viggo alinijulisha. "Samaki ameshika mia. Taifa halimtaki hata mmoja."

"Taifa linakutaka wewe kwa sababu huna kazi," Evald alimjibu, bila hata kugeuka.

Mwisho wa Septemba Evald anahamia Odense kwa binti yake. Nyumba yake ya hapa ina ngazi, na magoti yake hayazitaki tena ngazi. Kwa hiyo msimu huu ndio wake wa mwisho gengeni. Alinieleza hivyo kwa utulivu, kama anayesoma ratiba ya basi. Kisha akatoa jiwe mfukoni, akaliweka mbele yangu juu ya gazeti.

"Haya, msomi. Nina nini hapa?"

Nililitazama kwa lenzi. Lilikuwa doa la madini lililotambaa kama jani la mkangaga. Nilikuwa na hakika karibu kabisa. Hiyo karibu ndiyo iliyonishika ulimi.

"Labda ni mmea," nilisema. "Labda si mmea."

Viggo alicheka mpaka akakohoa. Evald alilifunga jiwe lake taratibu. "Labda," alisema, kama mtu aliyepewa pipi. "Labda si neno baya."

Aprili 21

Nimepata jina. Viggo ameniita Bi Labda mbele ya wanachama wote, na hata Gudrun alitabasamu nyuma ya miwani yake.

Kwa kweli nimehesabu kidogo kichwani: juma hili sijasema ndiyo wala hapana juu ya jiwe lolote. Mkia wa samaki ambao hata mtoto angeuona, niliuita "labda sehemu ya nyuma."

Mei 1

Jua la kwanza la maana. Ghuba imetulia, genge linang'aa. Udongo wetu wa hapa, moler, ni mweupe na mwepesi kama biskuti, na kati yake yamelala matabaka meusi ya majivu ya volkano, mstari juu ya mstari. Nilikula mkate mweusi na samaki wa siki nje mlangoni, peke yangu, nikajiona tajiri.

Mei 9

Mgeni wa kutoka Kopenhageni alipata samaki mzima katika moler mbichi, akamweka mbele ya kioo cha gari juani ili akauke upesi. Alirudi jioni na kiganja cha vumbi na mapezi. Moler hukaushwa kwenye gazeti, ndani ya kasha, mahali pa baridi, nayo ichukue muda wake. Kosa ni langu. Nilijua kwamba ana haraka, nikamwambia tu, "Labda ni vizuri kusubiri."

Gudrun alisikia. Hakunikemea. Alisema, "Daktari anayemwambia mgonjwa labda jino limeoza, analiachia jino liamue," kisha akawasha keekee yake.

Mei 25

Evald kaleta mawe manne. Labda, labda, labda, na moja nililolisifia umbo.

Juni 8

Kiangazi kimeshika. Evald anakuja kila siku isipokuwa Jumapili, na mfuko wake unaondoka na uzito ule ule uliokuja nao, maana kila nililolisemea labda analirudisha nyumbani. Leo nimemuuliza anayaweka wapi.

"Sebuleni. Kuna mstari wako."

"Mstari wangu?"

"Mawe ya Bi Labda. Yamejaa dirisha zima. Binti yangu ananiuliza nitayapakiaje. Nikamwambia, siwezi kuyatupa, karani hajasema si kitu."

Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikidhani woga wangu haumgharimu mtu ila mimi.

Juni 23, Jumapili

Mioto ya Mtakatifu Yohane. Kijiji kizima ufukweni, mchawi wa majani makavu juu ya kuni, yule anayechomwa kila mwaka, watoto wananata sukari. Jua lilikuwa bado juu tulipowasha. Nilikaa benchi moja na Evald na Viggo, nikawa ukuta kati yao.

"Ukifika Odense utachimba nini?" Viggo alimuuliza. "Vyungu vya maua vya binti yako?"

"Nitachimba usingizi. Huko hakuna sauti yako."

Viggo alipokwenda kuongeza bia, nilijikaza nikamuuliza Evald kwa nini anaitaka hivyo. Sikulitaja neno, lakini alielewa.

"Nimewabeba watu wa ghuba hii miaka yote," alisema. "Harusi, mazishi, mitihani, wajawazito. Muulize yeyote hapa jina la dereva. Watakutajia namba ya basi." Akainua mabega. "Ningependa niandikwe mahali. Herufi ndogo tu, kando ya mdudu. Si lazima watu wasome."

Kisha Viggo alirudi akamwaga bia kwenye kiatu changu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Julai 3

Wageni wengi. Nyundo zote nje. Sauti ya tindo siku nzima kama mvua inayopiga bati. Sikuogopa mpaka saa nne.

Julai 11

Manyunyu. Wadenmaki kwenye mahema wana sura za watu waliolipa ili waadhibiwe.

Julai 20, Jumamosi

Sijui nianzie wapi. Kwa mpangilio, basi.

Asubuhi Evald alileta ubao wa jiwe gumu, lile jiwe la kijivu linalopasuka kama kitabu. Alikuwa amelipasua gengeni saa hiyo hiyo, pande zote mbili zilikuwepo. Ndani yake ulikuwepo upepeo wa vijifupa vyembamba, umefunguka vizuri kama bawa, na mbele yake kifupa kilichochongoka.

Aliliweka mezani. Mikono yake ilitetemeka kidogo. Nami nikachukua lenzi.

Kabla sijainamia vizuri, Viggo alishaingia, akatupa jicho juu ya bega langu, akapaza sauti hadi nje: "Ndege! Jamani, bawa hilo! Evald! Hiyo ni danekræ!"

Alilisema. Mwingine alilisema kabla ya aliyepata. Gudrun alizima keekee, nikadhani atamfukuza. Lakini Viggo alikuwa amemkumbatia Evald analia wazi wazi, pua imejaa, na hakuna mwenye moyo wa kumkaripia mtu wa namna hiyo. Watu wakaingia kutoka gengeni na miwani yao. Mtu alikwenda kupandisha bendera mlingotini. Mke wa Viggo alileta keki ya matabaka, ya malai na stroberi, ambayo bila shaka ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Evald aliketishwa kando ya jiko, akapewa kipande cha kwanza.

Na mimi nilikuwa nimeshaona. Nyuma ya lile bawa kulikuwa na vipingili vitatu vya uti wa mgongo, vimebana kiunoni kama vigoma vidogo. Ndege hana vipingili vya aina hiyo. Samaki ndiye anavyo. Lile bawa lilikuwa pezi, na mdomo ule ulikuwa mfupa wa shavu uliopinduka. Samaki mzuri. Wa kawaida.

Nilinyamaza. Watu walidhani nimenyamaza kwa adabu, kwa kuiheshimu kanuni aliyoivunja Viggo. Gudrun alinigusa bega, akaninong'oneza, "Vizuri, umejizuia." Nikakatiwa keki nikaila yote.

Julai 21

Jumapili. Sikutoka. Neno likitoka halirudi, husema watu. Lisilotoka nalo halikai mahali pamoja.

Julai 22

Evald hakuja. Viggo kaja kusema Evald anazungumza na binti yake kwa simu, na kwamba watamwandalia mtaalamu wa makumbusho kahawa na keki atakapokuja Ijumaa. Ana furaha kama ndiye aliyezaa.

Nilifikiri nimwachie mtaalamu aseme. Lakini yeye hamjui Evald. Atasema kwa adabu mbele ya bendera, mbele ya Viggo na kijiji kizima.

Julai 23, Jumanne

Nilifunga nyumba mchana, nikabandika karatasi mlangoni, nikapanda baiskeli hadi kwa Evald. Njiani nilirudia sentensi zangu. Nilipofika zote zilikuwa zimetoka kichwani.

Alikuwa jikoni anamenya viazi. Lile jiwe lilikuwa mezani juu ya taulo safi. Nyuma yake, dirishani, niliuona mstari wangu: labda kando ya labda, zimejaa jua.

"Bi Labda!" alisema. "Umekuja kumsalimia ndege?"

"Si ndege," nilisema.

Aliendelea kumenya. Ganda refu la kiazi lilining'inia, likakatika.

"Ni samaki," nilisema. "Samaki wetu wa kila siku. Si labda. Nimeviona vipingili vya mgongo. Njoo nikuonyeshe."

Alikuja, akainama kwa shida, nikamshikia lenzi. Nilimwonyesha vigoma vitatu, na pezi, na mfupa wa shavu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Uliviona lini?"

"Jumamosi."

"Kabla ya keki?"

"Kabla ya keki."

"Nilijua," alisema. Nilishtuka. Akatikisa kichwa. "Hapana, jiwe sikulijua. Uso wako. Miaka yote nimewatazama abiria kwa kioo cha juu. Namjua mtu aliyepanda basi lisilo lake na anaona haya kubonyeza kengele. Ulikula keki hiyo kama dawa. Nikajiambia, Evald, usimtazame huyo msichana, tazama bendera." Kisha sauti ilipanda. "Siku tatu! Nimempigia binti yangu. Ameshawaambia watoto shuleni. Ungenipa neno moja, moja tu, wakati bado nimeshika jiwe mkononi!"

"Niliogopa."

"Kila mtu anaogopa! Mimi niliogopa kila kona ya barafu kutoka hapa mpaka Thisted. Lakini nilikata usukani, binti. Sikuwaambia abiria labda tutakata kona."

Alirudi kwenye viazi, akanipa mgongo. Nikasema samahani, nikatoka. Nililia mpaka kwenye kilima, nikateremka kilima bila breki, na kwa ajabu yenyewe nikajikuta napumua vizuri kuliko siku zote tangu Aprili. Nimemwumiza mzee, nami nimeshiba pumzi. Sijui hilo linaniweka wapi.

Julai 24

Bendera imeshushwa, na mtaalamu ameambiwa asije. Hakuna aliyenisemesha.

Julai 26

Viggo kaja peke yake, bila makelele. Nilimngoja anishambulie. Alisimama katikati ya nyumba akiizungusha kofia.

"Ameniambia," alisema. "Wewe ulijua na mimi sikujua. Mimi nina vyeti viwili vya danekræ ukutani na sikujua pezi la samaki." Akapangusa pua. "Sikutazama hata kidogo, Solvej. Nilitazama mikono yake ikitetemeka. Nikataka iwe."

Miezi mitatu nimemwandika mtu huyu humu kama mwenye majivuno. Nimekosea. Kila kejeli yake kwa Evald ni namna ya kumuuliza, mbona unaniacha. Nilimpa kahawa. Tulikaa kimya, jambo ambalo kwake ni kama mlima kutembea.

Agosti 1, Alhamisi

Evald kaja! Ameingia, ameketi kando ya jiko, ametoa jiwe.

"Sema," alisema.

Niliinama. "Hapana. Ni jani lililooza. Tazama, mshipa wa katikati huu hapa."

"Hapana moja," alisema, akalirusha nje ya dirisha. "Jingine."

"Hapana. Ni madini tu."

"Hapana mbili." Nje tena. Gudrun, kwenye keekee, alisema kwamba kama tunakusudia kumvunjia maua yake aambiwe mapema. Evald alitoa jiwe la tatu na la nne. Hapana, hapana. Tulipomaliza mfuko ulikuwa mtupu, naye alikuwa amekunjuka uso kama mtu aliyevua viatu.

"Unajua," aliniambia mlangoni, "kwa labda zako nilikuwa siwezi hata kuamka kitandani bila kuyafikiria mawe ya dirishani. Hapana ni nyepesi. Kesho nakuletea mengine."

Agosti 5

Tumemaliza dirisha lake. Yote hapana, isipokuwa kipande cha bawa la mdudu ambacho ni kizuri lakini si cha nadra. Hicho amekiweka kwa ajili ya wajukuu.

Agosti 14

Hapana tano. Moja niliikosea; Gudrun alinisahihisha kwamba haikuwa mmea bali kinyesi cha samaki. Sikufa.

Agosti 22

Mgeni wa Ujerumani alidai jiwe lake ni yai la mjusi mkubwa. Nilimwambia ni jiwe la mviringo. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Alinishukuru, akanunua ramani. Nilitoka nje kidogo nikatembea hadi kwenye uzio na kurudi, kwa furaha tu.

Septemba 3

Siku zinafupika. Evald anachimba polepole, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja umenyooshwa. Viggo hukaa kando yake, anajifanya anachimba pia. Leo niliwapelekea chai nikasikia wakibishana kama nyundo ya Evald ilikuwa ya Viggo tangu mwanzo.

"Chukua," Evald alisema. "Odense nitaenda nayo ya nini?"

Viggo hakuitazama. "Sitaki nyundo yako," alisema. "Ina mkosi."

Septemba 12

Upepo wa magharibi. Nyumba inalia. Gudrun amefunga genge kwa usalama.

Septemba 14

Genge bado limefungwa. Evald kaketi kando ya jiko, anatazama dirishani kama abiria. Kifurushi chake cha kwanza kimeshakwenda Odense. Nimemsomea kwa sauti kitabu cha maktaba juu ya ndege wa zamani wa bahari hii, jinsi walivyoanguka majini wakazama katika tope laini, na majivu yakawafunika. Alilala. Niliendelea kusoma.

Septemba 17

Upepo umekatika. Upande wa kaskazini wa genge umeporomoka, kichuguu kizima kipya cha moler mbichi, rangi ya maziwa. Gudrun ameuruhusu kuanzia kesho, kwa kofia ngumu. Evald anasafiri Jumapili ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tisa.

Septemba 19

Hapana mbili. Samaki wawili. Mmoja mzuri sana.

Septemba 23

Hapana moja. Magoti ya Evald yamevimba.

Septemba 25, Jumatano

Nitaandika polepole, ili nisilipite neno.

Ilikuwa karibu na wakati wa kufunga. Gudrun alikuwa dirishani na keekee. Viggo alikuwa amesimama kando ya kabati la ramani na mkate wa mdalasini mdomoni. Evald aliingia bila fimbo. Alibeba kwa mikono miwili, kifuani, donge lililofungwa gazeti mara nyingi, limelowa maji. Alitembea kama anayebeba supu.

Aliliweka mezani. Akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Donge la moler mbichi, limefunguka nusu, na ndani yake vijifupa.

"Sema," alisema, kama kila siku.

Nilichukua lenzi. Nilianza na kichwa. Mdomo ulikuwa mwembamba, umejaa umbo lake, haukupinduka. Nikatafuta vigoma vya mgongo. Havikuwepo, vipingili vilikuwa vya umbo jingine kabisa. Nikaenda mguuni. Mfupa wa mguu ulikuwa umekatika katikati, safi, na nilipoinamisha taa niliuona ndani: mtupu. Kimirija. Ukuta wake mwembamba kuliko ganda la yai. Hakuna samaki mwenye mfupa wa namna hiyo. Na pembeni, karibu na bega, kivuli cha kahawia chenye mistari, na kila mstari una mistari midogo zaidi. Manyoya.

Nilirudia toka mwanzo. Kichwa, mgongo, mguu, manyoya. Kisha nikaiweka lenzi chini, nikakunja mikono mapajani.

"Sema, binti," alisema Evald. "Hapana?"

Sikujibu.

"Labda?"

"Siwezi kusema, Evald."

Aliniangalia. Niliona jinsi uso wake ulivyoanza kusinyaa. "Umerudi kuogopa?"

"Siogopi," nilisema, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetulia kama ghuba ya Mei. "Ningeweza kusema. Ila si langu kulisema kwanza."

Keekee ilizimika. Viggo alikuwa ameishika midomo yake kwa mikono miwili, mkate ungali ndani, na macho yake yalikuwa yanafurika. Sauti fulani ilimtoka puani kama birika. Gudrun alimnyooshea kidole bila kugeuka, naye akaikata hiyo sauti pia.

Evald aliketi. Si kwenye kiti chake. Kwenye kiti cha wageni, kilichokuwa karibu. Alilitazama donge lake, akanitazama tena usoni, kwa makini, kama kwa kioo cha juu. Nikauacha uso wangu wazi asome.

Alilisema. Hakupaza sauti. Alilisema kama dereva anayetaja kituo cha mwisho kwa abiria mmoja aliyebaki.

"Ndiyo," nilisema.

Hapo Viggo akauachia mkate, na sitaandika kelele zilizofuata. Gudrun alimwaga kahawa kwenye ramani. Uamuzi wa mwisho ni wa makumbusho, nami niliwakumbusha hilo, kwa kuwa ni kazi yangu; lakini nilisema pia kwamba nikiulizwa nitaandika ninachokijua na kutia sahihi.

Evald peke yake hakuinuka. Alishaanza kulifunga donge kwa gazeti tena, ukurasa kavu sasa, tabaka juu ya tabaka, kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto. Akaniuliza itachukua muda gani kukauka vizuri. Nilimwambia majuma, katika kasha, mahali pa baridi, na mtu wa kuligeuza kila siku. Anaweza kuliacha kwetu, nilimwambia. Tutaliangalia kama mboni ya jicho.

Kisha akaomba simu, akampigia binti yake Odense, na sote tulinyamaza ili asikie.

"Ni mimi," alisema. "Hapana, hapana, magoti hayana neno. Sikiliza. Jumapili sitakuja. Siwezi kumwacha hapa. Nina ndege, na bado hajakauka."